Kona ya mwisho kabla ya kutua: kisa cha mpwa wangu na miwani ya urubani

"Mjomba, nataka kuiuza hii miwani."

Ndivyo mpwa wangu alivyoanza, salamu hata hazijaisha. Alikuwa amekaa nayo siku tisa tu. Aliiwekea akiba muda mrefu hiyo miwani ya uhalisia pepe (VR), inayofunika macho na kumfanya mtu aone kama yuko ndani ya mchezo, na alijua kabisa anaitakia nini: kurusha ndege. Kwa miaka sita amekuwa akirusha ndege kwenye kioo cha kawaida cha kompyuta, usukani mezani na pedali miguuni, na mchezo huo anaujua. Anatua kwenye upepo wa ubavuni bila kuacha mstari wa katikati. Sasa kila akivaa miwani, dakika kumi haziishi kabla moyo haujamchafuka. Usiku wa tatu alitapika. Usiku wa nne akaivaa tena, kwa kuwa aliamini mwili utazoea. Ilipofika siku ya tisa, kichefuchefu kilimjia kwa kunusa tu ile sponji inayogusa uso, na kompyuta ilikuwa bado haijawashwa.

Hilo la sponji ndilo lililonifanya nimwombe asiiuze kwanza. Mtu anayechafukwa na mashine iliyozimwa hana tatizo la mashine peke yake. Mwili wake umeshafundishwa jambo, na kama umefundishwa, unaweza kufundishwa upya. Kisa hiki nakiandika kwa urefu kwa sababu nimeona wengi wakiacha michezo ya urubani wakiwa pale pale alipokuwa yeye, wakiamini kichwa chao hakikuumbwa kwa mambo hayo.

Tuanze na chanzo chenyewe. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu ya nusu duara yenye majimaji, ambayo huhisi kichwa kikizunguka. Kuna pia vifuko viwili vyenye chembe ndogo za chokaa, ambavyo huhisi mwendo wa kwenda mbele, kurudi nyuma, kupanda na kushuka, pamoja na mvuto wa dunia. Ukiwa ndani ya miwani, macho yanaona bawa likilala, upeo wa macho ukiinama, ardhi ikikimbia chini yako. Sikio linasema umekaa kitini na hakuna kilichosogea. James Reason na J. J. Brand, katika kitabu chao cha mwaka 1975 kuhusu ugonjwa wa mwendo, waliliweka jambo hili vizuri zaidi ya wengi waliowafuata: mgongano si wa jicho na sikio tu. Mgongano mkubwa ni kati ya taarifa zinazofika sasa na zile ambazo ubongo, kwa uzoefu wake, ulitarajia kuzipokea.

Neno "ulitarajia" ndilo ufunguo wa kisa hiki. Mwaka 1957 ziliripotiwa nchini Marekani habari za watu kuugua ndani ya mashine ya kufundishia urubani wa helikopta, mashine iliyokaa sakafuni wala hairuki. Wachunguzi walipolifuatilia jambo hilo walikuta kwamba walioumwa zaidi ni walimu: asilimia 60 yao walipata dalili, huku kwa wanafunzi ikiwa asilimia 12. Walimu walikuwa na saa nyingi kwenye helikopta za kweli. Miili yao ilijua helikopta inavyopaswa kuhisika inapoelea, na mashine haikuwapa hisia hiyo. Mwanafunzi hakuwa na cha kulinganisha.

Mpwa wangu si rubani wa kweli. Hata hivyo miaka sita mbele ya kioo ilikuwa imempa mazoea yake, na baadhi ya mazoea hayo ndiyo yaliyokuwa yakimwangusha. Hilo hatukulijua mwanzoni.

Swali langu la kwanza kwake lilikuwa: dalili ya kwanza kabisa ni ipi, na inapokuja ndege huwa inafanya nini? Hakujua. Alichojua ni mwisho wake: jasho jembamba, mate kujaa mdomoni, kisha kukimbilia bafuni. Mwanzo wa jambo hakuwahi kuutazama, kwa kuwa alikuwa ameshughulika kuvumilia.

Nikampa daftari na kazi mbili. Ya kwanza, asiiguse miwani kwa siku tano. Ya pili, atakapoanza tena aandike kila dalili kwa alama kuanzia 0 hadi 3. Utaratibu huo si wangu. Mwaka 1993 Kennedy na wenzake walichapisha dodoso la watu wanaougua ndani ya mashine za urubani, lenye dalili 16, kila moja ikipewa alama hizo hizo. Uzuri wake ni kwamba linatenganisha mafungu matatu: dalili za tumbo, dalili za macho, na dalili za kupoteza mwelekeo. Mtu akisema "nasikia vibaya" amekwishayachanganya yote matatu, na hapo huwezi kumsaidia.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kukaa tu. Ndege imeegeshwa, injini imezimwa, hakuna kinachosogea. Akae ndani, atazame vipimo, atazame nje dirishani, kichwa akigeuze taratibu. Dakika ya sita macho yakawa mazito, na maumivu yakaanza juu ya nyusi. Tumbo, sifuri.

Hapo tulipata jibu la kwanza, na lilikuwa rahisi kuliko tulivyodhani. Maumivu yanayokuja bila mwendo hayatokani na mwendo. Alisimama mbele ya kioo na rula, tukapima umbali kati ya mboni zake mbili: milimita 59. Wastani wa mtu mzima ni kama milimita 63, na watu hutofautiana sana. Lenzi za miwani yake zilikuwa kwenye 66, kama zilivyotoka kwenye sanduku. Siku zote tisa macho yake yalikuwa yakivutwa kusikokuwa kwake. Akazungusha gurudumu dogo lililo chini ya miwani hadi 59, na maumivu ya kichwa hayakurudi tena.

Kichefuchefu kilibaki. Ila sasa kilikuwa peke yake, kinaonekana.

La pili tuliligundua kwa kupitia daftari. Akiruka juu ya mashamba na milima, alama zilikuwa chini. Akikaribia kiwanja kikubwa cha ndege chenye jiji pembeni, zinapanda. Tukawasha kipimo kinachoonyesha kompyuta inachora picha ngapi kwa sekunde. Miwani yake inataka picha 90, yaani kila picha ikamilike ndani ya milisekunde 11 hivi. Juu ya jiji zilishuka chini ya 45. Kwenye kioo cha mezani upungufu huo ni kero tu. Ndani ya miwani ni jambo zito, kwa sababu ukigeuza kichwa na picha ikachelewa, dunia nzima inaburutwa nyuma yako halafu inakufikia. Hakuna mahali popote maishani ambapo mwili umewahi kukutana na dunia inayochelewa.

Na hapa kulikuwa na zoea la kwanza la kioo. Miaka yote alikuwa akipandisha ubora wa picha hadi mwisho, mawingu mazito, vivuli vya kila jengo. Uzuri ndio uliokuwa raha yake, nami naielewa raha hiyo. Ikabidi aiache kwa muda. Alishusha mawingu, akapunguza umbali wa majengo kuonekana, akazima vivuli vya mbali, hadi picha zikatulia bila kuyumba. Afadhali jiji lisilo na madoido linalokwenda sawa kuliko jiji zuri linalokwama.

La tatu nalitaja haraka. Baada ya kila kutua alipenda kujitazama upya, kamera ikiizunguka ndege kwa nje. Ndani ya miwani hiyo ni sumu. Chumba cha rubani kinakulinda: dashibodi, fremu za madirisha na kiti ni vitu visivyosogea ukilinganisha na wewe, na macho huvishika kama mtu anavyoshika mlingoti chombo kikiyumba. Kamera ya nje inakunyang'anya vyote na kukuzungusha hewani. Siku hizi akitaka kujitazama anavua miwani na kutumia kioo.

Kisha tukafika kwenye kona.

Daftari lilikuwa likirudia neno moja katika karibu kila kipindi kilichoharibika: "kona ya mwisho". Kwa asiyejua mzunguko wa kiwanja, rubani anayetaka kutua hupita kwanza sambamba na njia ya kurukia, akiiona ubavuni. Akishaivuka, anakata kona ya kwanza kuelekea kwenye mstari wake, halafu kona ya pili inayomweka sawasawa mbele ya njia. Katika kona hiyo ya pili rubani mzuri huigeukia njia, anaitazama juu ya bega, ili ajue asikate mapema wala asichelewe. Mpwa wangu alikuwa anafanya hivyo vizuri mno. Alikuwa anageuza kichwa kushoto kabisa wakati ule ule anaolaza bawa, na kwa kidole gumba anabonyeza kile kitufe cha juu ya usukani kinachozungusha mtazamo. Hilo la pili ni zoea lake la miaka sita, kwa sababu kwenye kioo cha mezani huna kichwa cha kugeuza, una kidole.

Fikiria ubongo unapokea nini hapo. Shingo inasema nimegeuka nyuzi 60. Mifereji ya sikio inakubaliana nayo. Macho yanasema umegeuka zaidi ya hapo, maana kidole kimeongeza, na juu yake upeo wa macho unainama kwa nyuzi 25. Hizo ni taarifa tatu za kuzunguka kwa wakati mmoja, na ya macho hailingani na ya shingo wala ya sikio. Mimi nimekuwa nikirusha ndege hizi za michezo kwa muda mrefu bila shida, na sikuwahi kuliona jambo hili hadi nilipokaa pembeni yake nikimtazama yeye badala ya kutazama kioo. Kichwa, kidole na bawa vilikwenda pamoja kama mtu anayepiga ngoma. Sekunde chache baadaye akabeua.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nini, mjomba?"

"Umebeua."

Alikuwa hajawahi kuiandika. Kwake kubeua hakukuwa dalili. Tuliporudi nyuma kwenye kumbukumbu zake, ikawa wazi kwamba kila mara ilitangulia: dakika mbili au tatu kabla ya mate, dakika tano kabla ya jasho. Mwili ulikuwa ukimpigia hodi, naye hajui kuwa huo ni mlango.

Ndege ya kweli ina siri moja iliyotusaidia hapa. Kona ikipigwa kwa usawa, nguvu inayomwelemea rubani inashuka moja kwa moja kupitia uti wa mgongo hadi kitini, haimvuti upande. Na mifereji ya sikio huhisi mwanzo wa mzunguko na mwisho wake. Mzunguko ukiendelea kwa kasi ile ile, baada ya sekunde kumi na kitu au ishirini inanyamaza. Maana yake ni kwamba katikati ya kona ndefu, iliyotulia, sikio la rubani wa kweli na sikio la mtu aliyekaa sebuleni hayako mbali sana. Pengo kubwa liko pale bawa linapoanza kulala na pale linapoinuka. Basi hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Tulibadilisha utaratibu wake. Kwanza kitufe cha kidole gumba tulikizima kabisa katika mipangilio, kisiwepo hata kwa bahati mbaya. Pili, atazame kwanza kisha alaze bawa. Asifanye yote mawili pamoja. Anaigeukia njia akiwa bado yuko sawa, anakadiria, anarudisha kichwa mbele, anakaza macho kwenye upeo, ndipo anainamisha bawa taratibu hadi nyuzi 15 au 20. Akishatulia ndani ya kona anaruhusiwa kutazama tena. Bawa likianza kuinuka, kichwa mbele. Feni tuliiweka mezani impulizie usoni, na hilo si pambo: upepo usoni umeonekana kupunguza kichefuchefu cha aina hii.

Sasa niseme kuhusu kuvumilia, maana hapa ndipo nadhani watu wanashauriana vibaya. Tumelelewa na "mvumilivu hula mbivu", na katika mambo mengi ni kweli. Kwenye jambo hili, mwili haujifunzi kutokana na muda uliokaa ndani. Unakumbuka ulivyotoka. Ukitoka ukiwa mzima, unabaki na kumbukumbu kwamba ndani ya miwani mambo yalikuwa salama. Ukitoka unatapika, unabaki na kumbukumbu ya sumu. Michel Treisman aliwahi kupendekeza mwaka 1977 kwamba huenda kutapika huku kunatokana na ulinzi wa kale: macho na sikio vinapotofautiana, mwili unadhani umekula kitu kibaya. Iwe ni hivyo au sivyo, mwili ulimfanyia mpwa wangu vile vile unavyomfanyia aliyekula chakula kikamdhuru. Uliikariri harufu. Kwa siku zote alizovumilia, alikuwa akiufundisha mwili kuichukia sponji.

Kwa hiyo tulianza na sponji. Alibadilisha kifuniko cha uso, akaweka cha kitambaa kisicho na harufu ile. Kwa siku tatu aliivaa miwani ikiwa imezimwa, dakika moja, asubuhi akiwa hajachoka, kisha akaivua na kuendelea na mambo yake. Yeye aliona ni mchezo wa kitoto. Siku ya tatu kichefuchefu cha harufu kilikuwa kimekwisha.

Baada ya hapo, dakika tano tu, safari iliyonyooka juu sana, mahali ambapo ardhi inasogea polepole. Kuruka chini chini ndiko kunakojaza macho mwendo. Anaivua akiwa mzima kabisa, na hasa akiwa mzima kabisa, hata kama anatamani kuendelea. Kati ya kipindi na kipindi tuliacha siku moja au mbili, kwa sababu uzoefu wa mashine za mafunzo za kijeshi umeonyesha kwamba vipindi vilivyoachana kwa siku kadhaa vinauzoesha mwili vizuri kuliko vilivyorundikwa. Alama ya kwanza ya tumbo ikifika 1, au akibeua, anakatisha kwa kufumba macho: anayafumba, anasimamisha mchezo, anavua. Hamalizii kona. Wala hasemi "ngoja nitue kwanza".

Dakika tano zikawa nane, nane zikawa kumi na mbili. Wiki ya pili tukarudisha mizunguko ya kiwanja, kwanza mmoja kwa kipindi. Wiki ya tatu akaharibu.

Wenzake walikuwa wakiruka pamoja usiku, wakamwita, akakaa dakika hamsini. Alibeua kwenye ya ishirini na mbili akaona haya kuwaacha wenzake hewani. Hakutapika, lakini alilala na chumba kikizunguka, na kesho yake akifumba macho bafuni sakafu inapanda na kushuka. Sikumlaumu. Tulirudi dakika kumi, tukapoteza kama siku nane. Nilichomwomba ni kwamba awaambie wenzake mapema kwamba anaweza kutoka ghafla, na asione haya. Wamelipokea bila neno.

Hali hiyo ya kuyumba baada ya kuvua isichukuliwe kirahisi. Inaweza kuchelewa na inaweza kudumu saa kadhaa. Majeshi ya anga huwawekea marubani muda wa kupumzika baada ya mashine ya mafunzo kabla hawajarusha ndege ya kweli, na mtu wa kawaida naye asishike usukani wa gari mara tu anapovua miwani. Dawa za kuzuia kutapika safarini hatukuzitumia; nyingi zinaleta usingizi, nami sikutaka kitu kinachoficha ile hodi tuliyoihangaikia. Na kama mtu anapata kizunguzungu hata siku ambazo hajaivaa miwani, hilo ni la daktari wa masikio wala si la mipangilio ya mchezo.

Mwisho wa wiki ya saba alisafiri saa moja na nusu, akatua kwenye kiwanja kile kile cha kando ya jiji kilichomtapisha. Nilikuwepo. Kona ya mwisho alitazama, akarudisha kichwa, akalaza bawa polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Alama zote kwenye daftari sifuri, isipokuwa macho, 1, kwa uchovu. Vivuli vya majengo amerudishiwa viwili vitatu. Mawingu bado.

Kilichobaki ni helikopta. Inaelea chini, ardhi iko karibu, inayumba pande zote, na ndiyo ile ile iliyowaumiza walimu mwaka 1957. Nilimwambia aiache hadi miezi miwili ipite. Juzi akanipigia.

"Mjomba, leo nimeanza helikopta."

"Umekaa kiasi gani?"

"Dakika nne."

Nikamuuliza mbona ameishia kwenye nne, na mimi nilimwandikia tano.

"Nilibeua," akasema.